Lami, udongo au kando ya mfereji: kuchagua njia ya baiskeli mashambani wakati wa baridi

Anayetaka kutoka na baiskeli mashambani wakati wa majira ya baridi hukabiliwa na swali ambalo wakati wa joto halimshughulishi sana: apite wapi? Katika nchi zenye baridi kali, iwe ni Desemba na Januari katika kizio cha kaskazini au Juni na Julai katika kizio cha kusini, mara nyingi huwa kuna njia za aina tatu zisizo mbali na nyumbani. Kuna barabara ndogo za lami zinazounganisha vijiji na mashamba, zenye upana wa kutosha gari moja au mawili. Kuna njia za udongo na changarawe zinazokatiza mashamba na misitu, ambazo hutumiwa na matrekta, farasi na watembea kwa miguu. Na kuna njia tambarare za kando ya mifereji, pamoja na zile zilizotengenezwa juu ya matuta ya reli zilizoachwa kutumika.

Nimezipita zote tatu katika majira mengi ya baridi, kukiwa na jalidi, mvua na theluji, na sijaona iliyo bora siku zote. Njia iliyokuwa tulivu Jumamosi inaweza kuwa ya hatari Jumapili, ilhali hakuna kilichobadilika isipokuwa anga la usiku mmoja. Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na urefu wa safari wala uzuri wa mandhari, ingawa vyote viwili vina nafasi yake. Unaanza na hali ya ardhi asubuhi hiyo, kwa kuwa naamini usiku uliotangulia ndio unaopaswa kukuchagulia njia.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, ambacho ninakipa uzito kuliko vingine vyote, ni mshiko wa tairi. Baiskeli ina magurudumu mawili tu, na la mbele likiteleza hakuna muda wa kujirekebisha. Ugumu ni kwamba utabiri wa hali ya hewa hutaja joto la hewa linalopimwa kati ya mita 1 na 2 juu ya ardhi, wala si joto la uso wa njia. Usiku ukiwa na anga wazi na upepo mdogo, ardhi hupoteza joto lake kwa haraka, na uso wake unaweza kuwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi hali kipimajoto kinaonyesha nyuzi 3. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka na kukusanyika mabondeni. Ndiyo maana mtu huondoka kilimani pakiwa pakavu akakuta barafu kwenye daraja la chini. Madaraja yenyewe huganda mapema kuliko barabara kwa sababu hewa baridi huyagusa juu na chini. Aidha, saa yenye baridi kali zaidi kwa kawaida si usiku wa manane bali ni karibu na macheo, na pengine muda mfupi baada yake, kwa hiyo kuchomoza kwa jua hakumaanishi kwamba barafu imekwisha.

Kigezo cha pili ni watu wengine mnaotumia nao njia: magari, matrekta, farasi, wanaotembea na mbwa, watoto.

Cha tatu ni baridi na mwanga, ambavyo ninaviweka pamoja kwa kuwa vyote huamua muda utakaokaa nje. Kwa jedwali linalotumiwa na idara za hali ya hewa za Kanada na Marekani, upepo wa kilomita 25 kwa saa huifanya hewa ya nyuzi 0 ihisiwe na ngozi iliyo wazi kama nyuzi 6 chini ya sifuri; ukiwa wa kilomita 15 kwa saa, huhisiwa kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo huo mwenyewe hata siku iliyotulia kabisa, hivyo njia inayokwenda kasi ni njia yenye baridi zaidi. Kuhusu mwanga, siku fupi kuliko zote ina saa zisizofika 8 za jua mjini London, na zisizofika 6 mjini Helsinki. Hata mchana wa siku hiyo, jua la London halipandi zaidi ya digrii 15 hivi juu ya upeo wa macho, jambo ambalo tutalirudia tukifika kwenye magari.

Cha nne ni kuchakaa kwa baiskeli, kutokana na chumvi, tope na mchanga. Cha tano ni urahisi wa kukatiza safari, yaani kama mambo yakiharibika unaweza kufupisha mzunguko au kufikiwa na mtu wa kukusaidia. Kuziba pancha wakati wa joto ni kazi ya dakika kumi. Vidole vikiwa vimekufa ganzi, kazi hiyo hiyo huweza kukushinda.

Barabara ndogo za lami

Mshiko. Lami kavu hushika vizuri hata joto likiwa nyuzi 5 chini ya sifuri, maana baridi peke yake haitelezeshi tairi. Kinachoitelezesha ni maji yaliyoganda. Katika barabara za mashambani maji hayo hayatoki angani peke yake. Shamba lililolowa huvuja kwa siku kadhaa baada ya mvua, na maji yake hukata barabara kwenye sehemu ile ile, kwa kawaida chini ya mteremko au kwenye kona, kisha usiku hugeuka utando wa barafu unaoonyesha rangi ya lami iliyo chini yake. Ukiutazama kwa mbali, unadhani ni barabara iliyolowa tu. Ongeza hapo kivuli: kona iliyozibwa na ua mrefu wa vichaka upande wa jua inaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa na mwanga, hali mita ishirini kabla yake lami ni kavu na ya kupendeza. Anguko langu baya kuliko yote lilitokea mahali pa namna hiyo, karibu na saa sita mchana, baada ya saa mbili za kuamini kwamba jalidi la asubuhi lilikuwa limekwisha.

Barabara kuu humwagiwa chumvi kabla ya usiku wa baridi, lakini hizi ndogo mara nyingi huachwa kama zilivyo. Kwa hiyo usafi wa barabara kuu uliyoivuka haukuambii lolote kuhusu ile unayoingia. Hata penye chumvi, nguvu yake ya kuyeyusha barafu hupungua kadiri baridi inavyozidi, na joto likifika nyuzi 10 hivi chini ya sifuri haifanyi kazi ya kutegemewa. Zipo pia hatari zisizohusiana na barafu: majani yaliyooza, tope lililoachwa na magurudumu ya trekta, na mashimo. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na yakiwa ndani ya ufa wa lami huupanua kila yanapoganda na kuyeyuka, ndiyo maana mashimo huzaliwa kwa wingi mwishoni mwa majira ya baridi. Dimbwi lolote la barabarani lichukuliwe kuwa ni shimo mpaka lithibitike vinginevyo.

Ukigundua kwamba umekwisha kuingia juu ya barafu, acha kunyonga pedali, usiguse breki ya mbele, nyoosha usukani na uiache baiskeli ipite kwa mwendo iliokuja nao. Wanaoanguka wengi huanguka kwa sababu walijaribu kufanya jambo.

Watumiaji wengine. Magari ni machache, lakini madereva wake wanaijua njia na huipita kwa kasi inayolingana na ujuzi huo. Hapa ndipo lile jua la digrii 15 linapokuwa jambo zito, kwa kuwa asubuhi na alasiri humpiga dereva machoni moja kwa moja, na kioo chenye chumvi iliyokauka hufanya mbele pawe ukungu mweupe. Kivuli chako kikiwa kirefu mbele yako, dereva anayekujia anaweza kuwa hakuoni kabisa. Ninawasha taa mchana kutwa katika barabara hizi, na nyuma ninaweka mbili, ili moja ikizimika bila mimi kujua nyingine ibaki.

Baridi na mwanga. Kasi ni kubwa, hivyo baridi ya upepo ni kali kuliko katika njia nyingine mbili, hasa kwenye miteremko mirefu unapokaa bila kunyonga. Nyua za vichaka husaidia kukinga upepo wa pembeni. Hakuna taa za barabarani, na baada ya machweo taa ya mbele inatakiwa ikuonyeshe njia yenyewe, si kukufanya uonekane tu. Lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga wa taa) 400 hadi 600 zinatosha kwa mwendo wa wastani.

Kuchakaa. Chumvi inayorushwa na magari kutoka barabara kuu hufika hata huku, na ndiyo adui wa cheni, spoku na skrubu. Baiskeli yenye madigadi marefu, iliyooshwa kwa maji baridi siku ile ile na kutiwa mafuta mazito kwenye cheni, huvumilia. Jambo moja husahaulika: wakulima hukata nyua zao za vichaka majira haya kwa kuwa ndege hawatagi, na miiba iliyokatwa hutapakaa juu ya lami. Tairi nyembamba zisizo na tabaka la kuzuia miiba zitakuadhibu.

Kukatiza safari. Hapa barabara za lami hazina mshindani. Njia panda ni nyingi, unaweza kufupisha mzunguko popote, na gari la kukusaidia litakufikia. Unaweza pia kuupanga mzunguko wako uanze kwa kukabili upepo ungali mkavu na kumalizia upepo ukiwa mgongoni, usije ukarudi ukiwa umelowa jasho huku unapigwa kifuani.

Zinamfaa anayetaka kwenda mbali, mwenye taa nzuri, asiyeogopa magari machache, na aliye tayari kuahirisha hadi saa tano au saa sita siku ya jalidi. Hazimfai mwanafunzi wa baiskeli asubuhi baada ya usiku wa nyota.

Njia za udongo na changarawe

Mshiko. Hapa inabidi kukaa kidogo, kwa sababu njia ya udongo wakati wa baridi si njia moja bali ni nne.

Ya kwanza ni iliyoganda ngumu. Baada ya siku mbili au tatu za baridi kavu, tope lililokuwa likimeza magurudumu hugeuka kama saruji, na kwa kuwa uso wake una vijiwe, nyasi na chembe za jalidi, tairi pana hushika kuliko kwenye lami yenye barafu. Hizi ndizo siku ninazozipenda kuliko zote za mwaka. Tahadhari pekee ni mifereji iliyochimbwa na trekta au kwato za farasi, ambayo nayo imeganda. Gurudumu la mbele likiingia humo halitoki unapotaka.

Ya pili ni inayoyeyuka, nayo ndiyo mbaya. Jua au mvua ya uvuguvugu huyeyusha sentimita mbili tatu za juu hali chini bado kumeganda, na maji hayo hayana pa kushukia. Unapata utando wa tope laini juu ya sakafu ngumu, na utelezi wake ni wa sabuni. Mtu aliyetoka asubuhi kwenye ardhi iliyoganda anaweza kulazimika kurudi alasiri kupitia hali hii, kwa hiyo saa ya kurudi ina uzito sawa na saa ya kutoka.

Ya tatu ni iliyolowa kabisa bila kuganda, na hapo aina ya udongo ndiyo inayoamua. Mchanga huyapitisha maji na hupitika vizuri hata katikati ya majira ya mvua. Mfinyanzi hung'ang'ania tairi, hujaza nafasi iliyo chini ya madigadi na mwishowe husimamisha gurudumu. Chokaa iliyolowa huteleza hasa kwenye miteremko. Changarawe iliyoshindiliwa ndiyo ya kutegemewa kuliko zote, na anayeishi karibu na njia za namna hiyo msituni ana bahati.

Ya nne ni yenye theluji. Theluji kavu na ya baridi kali, iliyokwisha kushindiliwa, hupitika kwa utulivu usiotarajiwa; mji wa Oulu nchini Finland, ulio karibu na latitudo 65 kaskazini, hushindilia theluji kwenye njia zake za baiskeli na watu huendesha majira yote, na ndiko kongamano la kwanza la kimataifa la uendeshaji baiskeli wakati wa baridi lilikofanyika mwaka 2013. Theluji iliyo karibu na nyuzi 0 ni jambo jingine: huzama, huvuta gurudumu pembeni na kuganda kwenye breki za rimu.

Watumiaji wengine. Magari hayapo, na hiyo ni faraja kubwa. Waliopo ni farasi na watembea kwa miguu, ambao hawakusikii ukija kwa sababu wamejifunika masikio. Punguza mwendo mapema, salimu kwa sauti, na umpite farasi kwa mbali na kwa taratibu. Suala la ruhusa nalo lisipuuzwe, kwa kuwa sheria hutofautiana hata ndani ya kisiwa kimoja: England na Wales, tangu sheria ya mwaka 1968, baiskeli zinaruhusiwa kwenye njia za farasi kwa sharti la kuwapisha wapanda farasi na wenye miguu, lakini njia za miguu hazimpi mwendesha baiskeli haki hiyo; Scotland, kwa sheria ya mwaka 2003, haki ya kupita kwa chombo kisicho na injini ni pana zaidi. Ninaongeza jambo ambalo sheria haiwezi kulisema lote: magurudumu kwenye udongo uliolowa huchimba mifereji itakayokaa hadi majira ya joto, na wenyeji wa njia hiyo wataiona kila siku. Ikiwa tairi inazama, nadhani ni uungwana kugeuza.

Baridi na mwanga. Mwendo ni wa taratibu na kazi ni nyingi, hivyo mwili hukaa na joto na upepo ni mdogo, hasa msituni. Hatari ni jasho. Anayetoka amevaa kana kwamba anakwenda kwenye lami atalowa ndani ya nusu saa, na akisimama atatetemeka. Msitu huwahi kuwa na giza, pengine saa nzima kabla ya barabara ya wazi.

Kuchakaa. Chumvi hakuna, lakini tope lenye mchanga husaga cheni, giya na breki kama msasa. Breki za diski huvumilia kuliko za rimu, ambazo husugua mchanga kwenye rimu yenyewe. Kila safari hudai kuosha.

Kukatiza safari. Ni kugumu. Kilomita tano za tope zinaweza kuchukua saa moja, gari haliwezi kukufikia, na simu yenye betri iliyopoozwa huzimika mapema kuliko unavyotarajia. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Zinamfaa mwenye tairi pana na subira, anayeujua udongo wa kwao, na anayechoshwa na magari. Hazimfai mwenye miadi ya saa fulani.

Kando ya mfereji na juu ya reli za zamani

Mshiko. Njia hizi zinafanana kwa jambo moja: mteremko karibu haupo. Treni hazipendi milima, kwa hiyo tuta la reli mara nyingi halizidi mwinuko wa asilimia 2, na mfereji hukaa bapa mpaka ufike kwenye milango yake ya maji. Bila miteremko hakuna haja ya breki za ghafla, na sababu moja kubwa ya kuanguka inaondoka. Hata hivyo wajenzi wa reli walipokutana na kilima walikikata, na katikati ya kuta za mkato huo jua la majira ya baridi haliingii kabisa. Barafu hukaa humo siku kadhaa baada ya njia nyingine kukauka. Ndani ya mahandaki maji hudondoka na kuganda sakafuni, gizani. Kwenye mifereji, sehemu za kuogopwa ni chini ya madaraja, ambapo njia hubana, hujikunja na kuwa na mawe yaliyolainishwa na unyevu, hali maji yako hatua moja pembeni. Hapo mimi hushuka na kusukuma, wala sioni aibu. Kutumbukia katika maji ya nyuzi 4 ukiwa na nguo nzito si jambo la kujaribu.

Watumiaji wengine. Magari hayapo isipokuwa kwenye makutano na barabara. Watu ni wengi, hata siku za baridi, kwa kuwa njia hizi ziko karibu na miji na ni rahisi kwa wote. Ile iliyo kati ya Bristol na Bath nchini Uingereza, iliyojengwa kati ya mwaka 1979 na 1986 kwa urefu wa takriban kilomita 21, ni mfano wa njia inayobeba wasafiri wa kila siku pamoja na wanaotembeza mbwa. Uhispania nayo tangu mwaka 1993 imekuwa ikigeuza reli zake za zamani kuwa njia za namna hii. Tarajia kengele kutumika sana, na taa yako iinamishwe chini isiwapofushe wanaokujia.

Baridi na mwanga. Tuta la reli lililo juu ya mashamba halina kinga ya upepo, na ukungu hupenda kukaa juu ya mfereji. Kwa upande mwingine mwendo ni wa wastani, na baadhi ya sehemu karibu na miji zina taa.

Kuchakaa ni kidogo kuliko kwingine kote, ingawa vumbi la mawe likilowa hutengeneza rojo jeupe linalokausha cheni.

Kukatiza safari kuna tabia yake. Njia ni moja, inakwenda na kurudi, hivyo huwezi kuufupisha mzunguko. Unaweza tu kugeuka. Ikiwa upepo ulikuwa mgongoni wakati wa kwenda, kilomita ulizozifurahia utazilipia zote wakati wa kurudi. Angalia mwelekeo wa upepo kabla ya kuchagua upande wa kuanzia. Vituo vya kuingilia kwa kawaida viko umbali wa kutembea kwa miguu, na kupotea ni vigumu hata gizani.

Zinamfaa anayeanza, mzee, mzazi anayeendesha na mtoto, na yeyote anayerudi kwenye baiskeli baada ya kuugua. Anayependa kona, vilima na mandhari yanayobadilika atazichoka mapema.

Neno kuhusu tairi na vifaa

Tairi zinaweza kubadilisha matokeo ya ulinganisho huu, lakini si kwa kadiri watu wanavyodhani. Tairi zenye misumari midogo ya chuma kigumu hushika barafu ya lami kwa namna ambayo hakuna tairi ya mpira mtupu inayoweza, na kwa anayelazimika kusafiri kila siku katika nchi ya barafu ya kudumu ni kifaa cha lazima. Zikiwa mpya zinatakiwa kuendeshwa kwa upole kwenye lami kwa makumi kadhaa ya kilomita ili misumari ijikite. Ni nzito, zina kelele, na hazisaidii chochote kwenye tope. Kwa njia za udongo, faida kubwa hupatikana kwa kupunguza upepo wa tairi pana ili ilale zaidi juu ya ardhi, bila kuupunguza hadi rimu igonge mawe.

Kwa wenye baiskeli za umeme, betri hutoa umbali mfupi zaidi wakati wa baridi, na isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0. Iache kwanza ipate joto la ndani ya nyumba.

Kuchagua kwa hali uliyonayo

Usiku ukiwa ulikuwa wa mawingu, joto halikushuka chini ya nyuzi 5 na lami inakauka, barabara ndogo za lami zitakupa safari ndefu na ya raha, na hakuna sababu ya kujitesa topeni.

Ikiwa mvua ilinyesha jioni kisha anga likafunguka na kuganda, zikwepe barabara za lami mpaka mchana uwe umesimama, na hata hapo zikwepe kona zenye kivuli. Asubuhi hiyo njia ya changarawe iliyoganda inaweza kuwa salama kuliko zote, mradi urudi kabla haijaanza kuyeyuka.

Baada ya wiki ya mvua bila baridi kali, udongo uache upumzike. Chagua lami ukiwa na taa nzuri, au njia ya reli ya zamani ikiwa hutaki magari. Kando ya mfereji pia panafaa, ila kwanza hakikisha maji hayajapanda juu ya njia.

Ukiwa na mtu anayeanza au mtoto, chagua reli ya zamani isiyo na mikato mirefu wala mahandaki, na mwendo wenu uwe wa saa moja kwenda na kurudi. Mtoto anayekaa kwenye kiti cha nyuma hanyongi pedali, hivyo huingiwa na baridi mapema sana kuliko wewe; mguse mikono na mashavu kila mara badala ya kumwuliza tu.

Ukiwa na saa mbili tu kabla ya giza, chagua lami, kwa kuwa ndiyo pekee inayokuruhusu kufupisha safari ukiona umechelewa. Ukiwa na siku nzima ya baridi kavu na mwenzako wa kusafiri naye, nendeni msituni.

Na ukiwa umesimama mlangoni hujui la kufanya, litafute dimbwi lililo karibu na nyumba ulikanyage kwa kisigino. Likipasuka na kutoa maji, jalidi halikwenda ndani, na udongo wa mashambani huenda ni tope lenye gamba jembamba juu. Likiwa gumu hadi chini, ardhi imeganda na njia za udongo ziko tayari, ila lami yote iliyolowa jana ichukulie kuwa ni barafu. Likiwa ni maji matupu, tia mguu pedalini.